Dawa ya Bibi Onora

Siku ya tano bila dawa, Bibi Onora Cuskelly alitangaza kwamba anakufa. Hakutangaza kinyonge. Alipiga ukelele akiwa kitandani, ukelele ukatoka dirishani, ukavuka banda la kuku, ukamfikia mkaza mwanawe Delia, ambaye wakati huo alikuwa ameegemeza mgongo kwenye boriti ya lango la mfereji, anasukuma kinyumenyume.

"Delia wee! Mtu anakufa huku, na wewe unachezea maji!"

"Subiri kidogo, mama, nipitishe hili tishari!"

"Kifo nacho kinasubiri tishari?"

Lar Duignan, nahodha wa tishari lenyewe, alitoa kiko mdomoni. "Ana nini bibi?"

"Ana kiu."

"Maskini," alisema Lar. "Hata mimi."

Tishari liliingia polepole katikati ya malango mawili, chini kabisa kwenye shimo la mawe, na Delia akalifungia nyuma. Kisha akazungusha mkono wa chuma, maji ya juu yakaanza kumiminika, na tishari likaanza kupanda nayo, likiwa na mapipa arobaini na nane ya bia nyeusi kutoka Dublin, yakienda magharibi. Kupanda huko huchukua dakika kumi na mbili. Kwa miaka tisa dakika hizo zilikuwa zinatosha na kubaki. Lar anagonga pete ya chuma ya pipa moja, inapanda vidole viwili. Pale pete ilipokuwa imeficha anatoboa kwa kekee ndogo, kopo linajaa, tundu linazibwa kwa kijiti, pete inarudishwa chini kwa nyundo. Pipa linabaki kama lilivyozaliwa. Watu wa mfereji hawakuita jambo hilo wizi. Wizi ni kuchukua pipa. Hili lilikuwa fungu la lango, na kila lango kuanzia Dublin hadi mtoni Shannon lilikuwa na fungu lake.

Fungu la lango hili lilikwenda moja kwa moja kwa Bibi Onora, aliyeambiwa kwamba ni dawa ya kifua kutoka kwa mabingwa wa Dublin. Bibi alikuwa na miaka themanini na sita na hakuwa mjinga. Hakuamini hata siku moja, na hakuuliza hata siku moja.

"Leo je?" Delia aliuliza kwa sauti ya chini.

"Chaki," alisema Lar, kwa uchungu wa mtu aliyefiwa. "Kijana mmoja mkaguzi, Haskett, kaletwa na Kampuni ya mfereji. Kachora kila pipa kwa chaki ya kijani, mstari kutoka kwenye mbao hadi kwenye pete. Sogeza pete unywele mmoja, mstari umekatika na kazi umeikosa."

"Si mtafute chaki ya kijani?"

"Tumetafuta, Bi Delia! Mwalimu anayo nyeupe. Fundi cherehani anayo ya buluu. Tumebaki kumwomba Mungu tu, na Mungu mwenyewe unajua hapendi pombe."

Tishari likafika juu. Delia akafungua lango la pili, Lar akawasha mtambo, tuku-tuku-tuku, akaenda zake na mapipa yake mazima.

Dirishani alikuwa ameketi Ned, mume wa Delia, amevaa kofia ya Kampuni, anaandika namba ya tishari kwenye daftari. Ned ndiye aliyekuwa bawabu wa lango. Nyonga yake ilivunjika mwaka mmoja wa barafu, ikaunga vibaya, na tangu hapo mkewe ndiye aliyesukuma na yeye ndiye aliyeandika. Wenye matishari wote walijua, na wakubwa wa Kampuni hawakujua hata mmoja, maana mkubwa akija, pembe za matishari zilikuwa zinalia mara tatu toka mbali, na Ned anatoka kusimama kando ya boriti kama aliyemaliza kazi sasa hivi. Siri hiyo ilikuwa na sababu. Nyumba ilikuwa ya Kampuni. Kazi ikitoka, nyumba inatoka, na baada ya hapo ni nyumba ya maskini ya wilaya, wanaume upande wao, wanawake upande wao.

Na Ned ndiye mtu pekee katika maili themanini za mfereji ambaye hakujua habari ya fungu la lango. Pale alipokaa, hakuweza kuona chini ya shimo la mawe. Na kwenye kola ya koti lake, siku za kazi na za misa, palikuwa na beji ndogo ya watu waliokula kiapo cha kutoonja pombe maisha yao yote. Yeye ndiye mwenyekiti wao parokiani.

* * *

Ijumaa Ned alimwita Daktari Tuohy. Daktari akashika kiganja cha bibi, akatazama ulimi, akauliza alikuwa akitumia nini.

"Dawa ya Dublin," alisema Bibi Onora.

"Ikoje?"

"Nyeusi. Ina povu."

Daktari akamtazama Delia. Delia akatazama dari. Daktari alikuwa amezaliwa hatua mia mbili kutoka mferejini, hivyo hakuwa na haja ya kuuliza zaidi. Akafunga mkoba wake.

"Ned, mama yako hana ugonjwa. Ana uzee, na hali chakula. Mpe bia nyeusi, painti moja kila siku. Nguvu zitarudi."

Ned aliketi. "Bia? Mama yangu? Daktari, huyu hajawahi kuonja tone tangu azaliwe!"

Kitandani bibi akakohoa kidogo, kikohozi cha adabu.

"Basi aanze sasa," alisema daktari, akachukua ada yake.

Delia alisema atakwenda yeye kwa Gaffney mwenye kilabu, ni mwendo mfupi tu. Ned hakutaka kusikia. "Mke wangu aingie kilabuni? Ni mama yangu, aibu ni yangu, nitakwenda mimi." Usiku kucha alijigeuzageuza kitandani akitafuta njia ya kununua bia bila kuonekana na mtu, na kwa kuwa alikuwa mwema kupita kiasi, alichagua njia mbaya kuliko zote. Jumapili saa ya misa kubwa, parokia yote ikiwa kanisani, sheria inataka vilabu vifungwe, na Gaffney huuza kwa mlango wa nyuma. Ned angesali misa ya asubuhi, kisha apite huko.

Jumapili akajikongoja kutoka na fimbo mkono mmoja. Kwa mkono mwingine alishika lile kopo lenye mfuniko lililokuwa limetundikwa nyuma ya mlango. Delia aliliona. Akafungua mdomo, akaufunga. Angemwambia nini? Chukua kopo jingine, hili lina historia?

Mambo ya kule Delia alikuja kusimuliwa na Lar. Jikoni kwa Gaffney palikuwa na wanaume sita. Walipoona beji inaingia mlangoni walidhani padri ametuma watu wa kuwafumania. Mmoja alisukuma kikombe chake chini ya kuku anayeatamia. Mwingine alipiga magoti akaanza rozari. Ned aliweka kopo mezani, masikio yamemwiva.

"Ni ya mama yangu," alisema. "Ni mgonjwa."

Yule wa rozari akasimama, akajifuta magoti. "Mama zetu wote ni wagonjwa, Bwana Cuskelly," alisema kwa huruma, akamsogezea kiti.

Ned hakukaa. Alirudi njia nzima bila kupumzika, na alipofika Delia aliona macho mekundu, akajua kwamba mume wake amelia njiani. Alitamani kumkumbatia, na alitamani ardhi immeze. Walimpelekea bibi kikombe pamoja. Akanywa nusu, akakirudisha.

"Hii siyo."

"Siyo nini, mama?"

"Siyo ile. Hii imelala. Mmeitoa wapi?"

"Kwa Gaffney," alisema Ned.

"Ndiyo maana," alisema Bibi Onora, akamalizia iliyobaki ili isiharibike.

Bia nyingine ilibaki ndani ya kopo. Ned aliapa kwamba hatarudi kule hata mama yake akifa mara mbili, kwa hiyo ilibidi inywewe kidogo kidogo.

* * *

Jumatatu saa tatu asubuhi Bwana Haskett alifika kwa baiskeli, na kwa kuwa baiskeli haina pembe ya tishari, hakuna aliyeonywa. Alikuwa kijana mpole, suruali imebanwa vifundoni kwa vibanio. Alisalimia vizuri, akavua kofia, akaingia ndani, akanusa. Akaenda hadi kwenye rafu, akafunua kopo.

"Bwana Cuskelly, hii ni nini?"

"Bia nyeusi," alisema Ned. "Ya mama yangu. Nimeinunua kwa Gaffney."

"Lini?"

"Jana saa tano."

"Jana Jumapili. Saa ya misa." Haskett alitazama beji kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. "Nisubirini."

Alikwenda, akarudi na Gaffney mwenyewe, aliyemfuata kwa kigari chake cha farasi. Gaffney alisimama katikati ya chumba, kofia mikononi, anaizungusha kama usukani.

"Mimi niuze pombe saa ya misa?" alisema. "Bwana Mkaguzi, mimi nina leseni na watoto saba! Na huyu ndugu yetu Ned, uliza parokia nzima, uliza padri! Mguu wake haujakanyaga kwangu. Mtu msafi huyu! Huyu ni nusu mtakatifu!"

Alimsifu Ned mpaka akamzika. Kila sifa aliyoitoa, Haskett aliiandika, na zote zilikuwa za kweli, isipokuwa ile ya mguu. Alipomaliza, Gaffney alitoka bila kumtazama mtu usoni, akasahau hata kuaga.

"Nami sijawahi kusema uongo maishani mwangu," alisema Ned.

"Ndiyo maana ulitarajia niuamini huu," alisema Haskett, wala si kwa ukali. "Bia ya pipa imekutwa nyumbani kwa bawabu, na bawabu hakuinunua. Mapipa yanapita hapa mara nne kwa wiki. Nakupa siku kumi na nne, Bwana Cuskelly. Nyumba iwe wazi."

Ned alibaki amesimama. Delia alimtazama. Miaka tisa alikuwa amelificha kopo lile ili mtu huyu asiumie. Sasa kopo lilelile, siku moja tu lilipobeba bia ya halali, ndilo linamtoa nyumbani.

"Nilichukua mimi," alisema.

"Delia, kaa kimya. Usinitetee kwa uongo."

"Sikutetei. Kopo ni langu. Miaka tisa nimetoboa mapipa yao, mimi."

Haskett alitabasamu kidogo, kama anayemsikiliza mtoto. "Mama, mimi nina miezi sita natafuta jinsi inavyofanyika. Mapipa hayana alama hata moja. Wewe utakuwa umejuaje?"

Swali hilo lilimuudhi Delia kuliko ile hukumu. Alitoka nje mbio, wakamfuata. Uani palikuwa na pipa kuukuu la maji ya mvua. Akachukua nyundo na kekee ya Ned bandani, akapiga magoti. Ta, ta, ta, kuzunguka, pete ikapanda vidole viwili. Kekee ikaimba. Maji yakaruka mshipa mwembamba, akayakinga kwa kopo bila kumwaga hata tone. Akachonga kijiti kwa kisu, akakipigilia, akakikata sambamba na mbao, akapaka tope, ta, ta, ta, pete chini. Miaka tisa ya kumshikia Lar kopo haikupotea bure, ingawa jina la Lar alilimeza.

Haskett alikuwa ameshika saa. Alipapasa pete kwa kidole, akapapasa tena. "Dakika nne," alisema, na kidogo apige makofi. "Nani alikufundisha?"

"Kiu ya mama mkwe."

"Na bawabu alikuwa wapi wakati huo?"

"Kazini kwake. Langoni." Hapo Delia alidanganya bila kupepesa.

 Ned alimtazama mkewe aliyepiga magoti topeni na nyundo mkononi kama anamwona kwa mara ya kwanza. "Miaka tisa," alinong'ona. "Na mimi nasimama mbele ya watu kila mwezi nawahubiria."

"Uliwahubiria vizuri," alisema Delia.

Haskett alikuwa anafunua daftari lake, mbele, nyuma, tena mbele. "Kuna tatizo," alisema. "Wewe humo."

"Simo wapi?"

"Kitabuni. Kampuni ina mtumishi mmoja kwenye lango hili. Edward Cuskelly, mumeo. Siwezi kumfukuza mtu ambaye hakuajiriwa, na siwezi kumfukuza aliyeajiriwa kwa kosa la mtu asiyekuwepo."

"Mimi sipo?"

"Kikazi, mama. Kikazi tu."

"Basi niitie polisi! Kwa polisi mtu yeyote yupo!"

Haskett akafungua mdomo amjibu, akasita. Polisi maana yake korti, na korti maana yake magazeti. Mwenye kiwanda cha bia atasoma gazeti na kuuliza kuhusu miaka tisa, halafu atauliza kama ni lango hili tu au ni malango yote. Rangi ikamtoka usoni kijana wa watu. Miezi sita alikuwa ametafuta jibu, na sasa alikuwa nalo, na lilikuwa halifai kupelekwa popote.

"Mbao ni mbao," alisema mwishowe, akifuta mstari aliouandika. "Mapipa huvuja."

"Na zile siku kumi na nne?" aliuliza Ned.

"Zimevuja nazo. Kilichobaki ni fomu. Lazima nimwone bawabu akipitisha tishari, nitie sahihi, niende zangu."

Kana kwamba tishari limeitwa, kutoka upande wa mashariki likasikika tuku-tuku-tuku.

* * *

Ned alivaa kofia, akatoka. Delia alibaki mlangoni, mikono ndani ya aproni. Lar alikuwa amelala kwenye usukani wa tishari. Alipoona nani anaielekea boriti, alisimama wima.

Lango lile ni mwaloni na chuma, na maji yameliegemea. Mtu halisukumi kwa mikono. Anageuka, anaweka matako kwenye boriti, visigino kwenye mawe, anatembea nyuma. Ned aligeuka vizuri tu. Akasukuma. Lango halikujua kama ameguswa. Akasukuma tena, mishipa ya shingo imemtoka, na nyonga ikakataa, akaenda chini kwa goti moja. Haskett alikuwa ameshika penseli. Lar alikuwa ameshika kofia kifuani, kama mtu aliye msibani.

Delia alifanya hesabu yake. Nikienda, huyu kijana ataona lango linafanywa kazi na mke, Ned anatoka. Nisipoenda, lango halifunguki, Ned anatoka. Akajikaza kisabuni, akakunja mikono ya gauni, akaenda. Alimpita mumewe bila kumtazama ili asimwaibishe zaidi, akaweka mgongo, akaweka visigino, akatembea nyuma. Lango likafunguka kama linavyofunguka kila siku ya Mungu.

Haskett alimwangalia. Aliangalia mabega yake, viatu vyake, mawe yaliyolika mahali pa visigino vyake, visigino vidogo, havikuwa vya mwanamume. Yote aliyaona, Delia alijua ameyaona.

"Andika basi, bwana," alisema, anahema. "Unamwona nani hapa?"

Kijana alilamba ncha ya penseli. Hakuwa mtu mbaya, na labda hilo ndilo lililokuwa baya. "Namwona Edward Cuskelly," alisema, "bawabu, yuko kazini." Akaandika huku anasoma kwa sauti. "Lango limefunguliwa saa tano na nusu. Mtumishi, mmoja. Hali ya afya, nzuri." Akainama, akamshikia Ned daftari pale pale chini alipokuwa. "Hapa, tafadhali."

Ned aliinua macho kwa mkewe. Mtu ambaye hajawahi kusema uongo. Delia akamwonyesha kwa kidevu nyumba, na dirisha ambalo mama yake alikuwa nyuma yake. Ned akatia sahihi.

Haskett akapanda baiskeli, akawatakia siku njema, wote wawili, akaondoka. Nyumba ilikuwa imepona. Delia alilijua hilo na alimshukuru Mungu, lakini alikuwa na hasira. Alitamani kumwita arudi, amshike kichwa, amgeuze, aangalie tena. Akatema mate ndani ya maji.

"Bi Delia," Lar aliita kutoka chini, kwa upole mkubwa. "Samahani. Tumeshaingia."

Na kwa kuwa tishari lilikuwa linasubiri, na hapakuwa na mtu mwingine, akaenda kulifungia lango.